Saa Saba Mara Mbili

Wingu la Paisley limekalia paa la kituo cha treni
tangu Septemba, zito, rangi ya sufuria kuukuu.
Wingu letu la kazini halionekani.
Ni chumba kisicho na dirisha, mji gani sijui,
tunakikodi kwa dakika.
Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wa kwetu.
Dalili ya wingu hili ni bili ya mwisho wa mwezi.

Kila usiku, sisi tukilala,
vivinjari sitini huamka humo.
Hakuna macho mbele yake, hakuna vidole,
lakini vinabofya.
Vinafungua tovuti ya nyumba za kupanga,
vinajaza fomu: jina, ghorofa, boila imezimika,
vinaomba fundi, vinachagua saa, vinafungwa,
na kesho vinazaliwa upya
bila kukumbuka hata kidakuzi kimoja.

Mpangaji wao nimembuni mimi:
Bi. Zamzam Sifuri, nyumba nambari sifuri,
mtaa usiokuwapo.
Boila yake imeharibika mara elfu ishirini
na hajapiga chafya.
Iain, ninayekaa naye meza moja, huniuliza asubuhi,
koti bado linamchuruzika:
"Mama amelalaje?"
Kijani, namwambia. Amelala kijani.

Isipokuwa jaribio la mia mbili na kumi na nne.
Hilo lina tabia zake.
Leo linaanguka, kesho linasimama, wala hujui kwa nini,
tukaona ni ukorofi tu.
Nikaandika amri:
likianguka, lirudiwe baada ya nusu saa;
likianguka tena, lirudiwe;
la tatu likipita, hesabu limepita.
Mstari mmoja. Nikaenda kupasha chai.

Kwetu saa huanza na jua.
Saa moja ni saa moja ya mwanga, basi, huhitaji kufundishwa.
Hapa huanzia gizani,
na jua la Oktoba hufika kazini limechelewa, halisemi samahani.
Miaka tisa natoa sita, naongeza sita,
nikidhani hiyo ndiyo hesabu yote.
Kumbe Jumapili ya mwisho ya Oktoba
serikali huirudisha saa nyuma:
inagonga saa nane za usiku,
inakuwa saba tena,
na saa nzima inaishiwa mara mbili.

Usiku huo, katika ile saba na nusu ya pili,
Bi. Zamzam aliomba fundi.
*Muda uliochagua umepita.*
Saa nane, akaomba tena. *Umepita.*
Saa nane na nusu, akakubaliwa.
Asubuhi: kijani ukuta mzima.

Lakini katika saba hiyohiyo ya pili
alikuwapo Effie Lamont, miaka sabini na tisa, ghorofa ya tatu,
na kompyuta kibao ya mjukuu wake.
Hakufa. Nasema mapema, maana najua mnakotazamia.
Alilala na koti, na soksi mbili mbili,
Jumatatu akapiga simu.
Mimi nilimkuta Alhamisi, kwenye kumbukumbu za seva:
mara nne amebofya,
dakika sita kati ya mara ya pili na ya tatu.
Nini kilitendeka katika dakika zile sita?
Labda alitafuta miwani.
Labda aliitazama saa ya ukutani, akajilaumu yeye.
Mara ya nne, penye kisanduku cha maelezo mengine,
aliandika: *Samahani kwa usumbufu.*

Hakuna kivinjari kati ya sitini
kilichowahi kuandika hivyo.

Ule mstari nimeufuta.
Ukuta sasa una madoa mekundu, na meneja anauliza
mbona wiki hii tunaanguka sana.
Bi. Zamzam nimempa kazi mpya:
kila usiku, hata Juni, namdanganya saa,
anaomba fundi saa saba na nusu,
kisha anaomba tena
saa saba na nusu.